Safari ya Kuutazama Mji wa Mombasa: Mashauri kwa Watu wa Bara

Waswahili husema "Tembea uone," nami sina ugomvi na methali hiyo, ila nimejifunza ya kuwa mtu aweza kutembea sana asione kitu. Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, nilimchukua mama yangu mzazi kutoka kwetu Matinyani, katika Kaunti ya Kitui, kwenda Mombasa akaione bahari. Umri wake ni mkubwa, na macho yake yameanza kuingia ukungu. Mara nyingi alikuwa amesema ya kwamba hapendi kufa kabla hajayaona yale maji aliyosimuliwa na baba yake. Tuliuza magunia mawili ya ndengu, tukaenda watu watano: mama, mke wangu, watoto wetu wawili, na mimi. Tulikaa siku tatu, tukarudi.

Jirani yetu mmoja, bibi wa rika la mama, alikuja kumpa pole ya safari. Akamwuliza, "Haya, umeona nini huko Mombasa?" Mama alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Nimeona magari."

Hakusema hivyo kwa ubaya, wala hakukusudia kunitahayarisha. Alisema kweli tupu. Mimi kazi yangu ni ukarani, nahesabu fedha za watu kila siku, lakini hesabu ya safari yangu mwenyewe ilinishinda. Nilikodi chumba ng'ambo ya kusini kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, na yale tuliyotaka kuyaona yalikuwa kisiwani na ng'ambo ya kaskazini. Basi kila asubuhi ilitupasa kuvuka maji, kisha kukipita kisiwa chote, kisha kuvuka maji tena, na jioni kurudi vivyo hivyo. Siku moja tu tulifika pwani, tukakuta bahari imekupwa, maji yako mbali, na jua la Desemba likiwaka juu ya mwani mkavu. Mama aliketi chini ya mti hadi tulipoondoka. Fedha za magunia mawili zilikwisha katika nauli.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, tulikwenda tena. Safari hiyo niliipanga kwa muda wa miezi mitatu, na haya ninayoandika ni matunda yake. Nawaandikia wakulima na makarani wenzangu wa bara, ambao fedha za matembezi huzipata kwa shida na hawawezi kuzipoteza mara mbili.

UMBO LA MJI

Jambo la kwanza ni kulijua umbo la mji wenyewe. Wengi wetu twadhani Mombasa ni mji kama Machakos au Kitui, wenye soko katikati na barabara zitokazo sokoni kwenda kila upande. Sivyo. Moyo wa Mombasa ni kisiwa kidogo, na bahari imekizunguka kwa mikono yake. Upande wa magharibi kisiwa kimeungwa na bara pale Makupa, na huko ndiko kuna Changamwe, Jomvu na Miritini. Upande wa kaskazini daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, lapeleka watu Kongowea, Kisauni, Bamburi na Shanzu mpaka Mtwapa. Upande wa kusini hakuna daraja litokalo kisiwani. Mtu huvuka kwa feri kwenda Likoni, na mbele yake ni Kaunti ya Kwale, yenye Diani na Ukunda. Wenye magari siku hizi waweza kuizunguka bandari kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, lakini mzunguko huo ni mrefu.

Tena mji umejaa watu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na kaunti yetu ya Kitui ilikuwa na watu 1,136,187. Lakini Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na nchi kavu ya Mombasa ni kama kilomita 220 tu. Yaani watu wengi kuliko sisi sote wanaishi mahali ambapo pangeingia katika nchi yetu zaidi ya mara mia. Watu hao nao wanayo safari zao za kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, na njia zao ni zile zile chache zivukazo maji.

Kwa hiyo kanuni niliyoiandika juu kabisa ya daftari langu ilikuwa hii: siku moja, upande mmoja wa maji. Anayeshika kanuni hiyo ataona mji. Anayeivunja ataona magari.

WAZEE WETU WALIJUA KUPANGA

Isidhaniwe kwamba kupanga safari ya Mombasa ni jambo la kizungu au la watu wa sasa. Karne ya kumi na tisa misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu, na kurudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Bwana mkubwa wa misafara hiyo huku Kitui alikuwa Kivoi. Yeye ndiye aliyempokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni katika safari hiyo Krapf alipouona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba. Kivoi aliuawa mwaka 1851 waliposhambuliwa njiani na wanyang'anyi, naye Krapf aliponea chupuchupu.

Watu wale walikwenda kwa miguu, wakipita nyika isiyo na maji. Hapana budi walijua kila kisima na kila kituo, na walijua ni mwezi gani wa kuondoka na mwezi gani wa kukaa nyumbani. Mtu aliyekosea hesabu hakurudi na hadithi ya magari, hakurudi kabisa. Sisi tunaosafiri tumeketi tumesahau kuuliza maswali yao: lini, kwa njia gani, tutalala wapi, na tukifika tutafanya nini kwanza.

WAKATI WA KWENDA

Kwetu Kitui mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mwezi wa Desemba ndio mwezi wa palizi, na ndio mwezi ambao watu wa miji yote humiminika pwani kwa Krismasi. Basi mkulima aendaye Desemba huacha magugu shambani na kwenda kununua chumba kwa bei ya juu kuliko miezi yote. Januari na Februari kazi ya mavuno huwa ipo, na pwani wakati huo upepo wa kaskazi unavuma na joto ni kali. Aprili na Mei ni masika, pwani hunyesha sana.

Wakati mwema kwa watu wetu ni Agosti. Shamba limepumzika, watoto wamefunga shule, na pwani upepo wa kusi umepoza hewa. Bahari ina mawimbi kidogo na mwani huletwa ufukweni, lakini mzee aweza kutembea saa nne asubuhi bila kuchomwa. Tena angalia kalenda ya Waislamu. Ukifika katika mwezi wa Ramadhani, mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, na si adabu kula njiani mbele ya watu waliofunga.

Jambo moja zaidi ambalo mtu wa bara hawezi kulikisia: bahari ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Kabla ya kuamua siku ya kwenda ufukweni, mwulize mvuvi au mtu wa pale, "Maji yatajaa saa ngapi?" Swali hilo halina malipo, na lingaliokoa siku yetu nzima mwaka ule wa kwanza.

NJIA NA MALAZI

Zamani mtu wa Kitui aliyekwenda Mombasa alipanda kwanza kuelekea Nairobi, kisha akashuka. Siku hizi barabara ya lami yatoka Kitui, yapita Mutomo na Ikutha, yavuka mto Athi na kufika Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Sisi tulifuata njia hiyo. Tulipokuwa juu ya Athi niliwaambia watoto ya kuwa maji yale nayo yanakwenda pwani: mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia baharini karibu na Malindi.

Kutoka Kibwezi msafiri aweza kupanda basi, au treni ya reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Treni ya asubuhi itokayo Nairobi ndiyo isimamayo katika stesheni ndogo. Ile ya haraka haifai kwa mtu wa Kibwezi. Hakikisha ratiba, nunua tikiti mapema, na uchukue kitambulisho chako. Treni hupita katikati ya mbuga ya Tsavo, na watoto waliona ndovu wekundu kwa mavumbi. Lakini kumbuka ya kuwa treni hii haifiki kisiwani. Mwisho wake ni Miritini, upande wa magharibi, na nauli ya kutoka pale hadi malazini ni sharti iwe mfukoni.

Juu ya malazi nashauri hivi. Usitume fedha kwa sababu ya picha nzuri katika simu. Wakamba wamejaa Mombasa. Mtafute mtu wa kwenu akutazamie nyumba kwa macho yake. Mwambie aulize maneno manne: iko upande gani wa maji, maji ya bomba yapo siku zote au hununuliwa, vitanda vina vyandarua, na bei ni ya chumba au ni ya kila mtu. Sisi tulipanga kisiwani. Chumba kilikuwa ghali kidogo kuliko kile cha mwaka wa kwanza, lakini nilipojumlisha na nauli, safari nzima ilikuwa rahisi.

SIKU YA KISIWA

Siku ya kwanza hatukupanda gari hata moja mpaka jioni. Tulianza asubuhi mapema kwa mahamri na mbaazi za nazi. Mama aliitazama sahani, akaonja, akacheka: "Kumbe ni nzuu zetu, zimevikwa kanzu!" Tangu hapo Mombasa haikuwa nchi ya ugenini kwake.

Tukaenda Fort Jesus, ile ngome kuu, ambayo hufunguliwa kila siku tangu saa mbili. Wareno waliijenga mwaka 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 wakaitwaa Desemba 1698. Baadaye Waingereza waliifanya jela, tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 iliandikwa katika urithi wa dunia. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje, kwa hiyo usiache kitambulisho chumbani. Saa mbili za ngomeni zatosha. Ukiwa na mzee, mkalishe juu ya ukuta upande wa bahari. Pana upepo mwema, naye ataona vyombo vikipita.

Mji wa Kale uko karibu kabisa na ngome, na huo hutembelewa kwa miguu tu. Tazama milango ya nakshi na roshani za mbao. Njia ni nyembamba na watu wanaishi humo, basi vaa nguo za heshima, waamkie wazee kwa shikamoo, wala usimpige mtu picha kabla hujamwomba ruhusa. Mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia, piga hodi. Mke wangu alipita Marikiti kwa viungo, na kwenye maduka ya leso akachagua moja kwa maneno yake, si kwa rangi.

Adhuhuri tulilala. Hili ni neno la maana kwa wenye wazee na watoto: mchana wa Mombasa si wa kutembea. Jioni tulipanda tuktuk. Tulipita chini ya zile pembe kubwa za bati juu ya barabara ya Moi, zilizosimamishwa miaka ya 1950. Mama akauliza ndovu wake alikuwa na kimo gani, nami nikamwambia ndovu wake ni wale waliochukuliwa na babu zetu mabegani. Tukafika bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, tukanunua mihogo ya kukaanga, na meli moja kubwa ikaingia mlango wa Kilindini mbele yetu. Hapo mama aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa ametulia. Hakusema neno mpaka meli ilipopita.

SIKU YA KASKAZINI

Siku ya pili tulivuka daraja la Nyali. Mbele yake ni Kengeleni, na kengele yenyewe ingali imesimama. Ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Yule Krapf aliyekuja Kitui alimzika mkewe katika ng'ambo hiyo mwaka 1844.

Kutoka hapo tulikwenda Bamburi, penye Haller Park. Watoto hupapenda kwa ajili ya viboko, twiga na kobe wakubwa. Mimi naomba mkulima apatazame kwa jicho jingine. Mahali hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1954. Udongo wote ulikuwa umekwisha, pamebaki jiwe jeupe lisilo na jani. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu kutoka Uswisi, alianza kupanda mivinje katika jiwe lile. Majani yalipoanguka aliwaleta majongoo, wakayala na kuyageuza kuwa udongo mweusi, na miti mingine ikafuata. Leo ni msitu. Sisi wenye mashamba yaliyochukuliwa na mmomonyoko huko Kitui tuna cha kujifunza pale kuliko kutazama viboko.

Alasiri maji yalikuwa yakijaa, kama tulivyoambiwa, tukaenda ufukwe wa wote wa Jomo Kenyatta, ulio karibu. Vaeni viatu, kwa kuwa chini kuna mawe makali na urumba wenye miiba. Watoto wasiachwe hata kidogo. Mtoto wa bara hajui ya kuwa maji yanasogea. Mama alivua viatu vyake bila kusikia shauri langu, akakunja leso, akaingia mpaka magotini. Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Alisimama akiyatazama, akasema, "Maji yote haya, mwanangu, na hayanyweki." Kisha akasema tena, "Na sisi twaamka usiku kungoja zamu kisimani." Nilikosa la kumjibu.

SIKU YA TATU, NA YALE TULIYOYAACHA

Siku ya tatu ilikuwa ya upande wa magharibi, kwa kuwa ndiko njia ya kurudi. Tulipita Changamwe, kwenye chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963, tukawaona watu wa kwetu wakichonga twiga na vifaru kwa tezo. Mama alizungumza nao Kikamba saa nzima, akajua habari za vijiji vyao vyote.

Kusini hatukwenda. Watoto walilia kwa ajili ya feri, na kweli waendao kwa miguu huvuka Likoni bila malipo. Lakini nilikuwa nimeandika siku tatu, pande tatu. Atakayevuka asikimbilie chombo kilichojaa, angoje kingine. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuko, na watu zaidi ya 270 wakafa. Rabai nako, walikoanzia Krapf na Rebmann mwaka 1846, tulikuacha kwa safari nyingine, na magofu ya Jumba la Mtwana kadhalika. Mji mkubwa haumalizwi. Afadhali mtu aache mambo sita kwa hiari yake kuliko kuyapita yote mbio asishike hata moja.

Tulirudi Matinyani usiku, na fedha kidogo zilikuwa zimebaki. Asubuhi yule jirani akaja na kibuyu chake cha uji, akauliza kama alivyouliza mara ya kwanza. Mama aliingia ndani, akatoka na chupa ya soda aliyokuwa ameijaza pale ufukweni bila mimi kujua. Akamtilia bibi yule maji kidogo katika kifuniko, akamwambia, "Onja."